Jometri Tuliyonyang'anywa

Nilikuwa Mlowo, nimekaa mgahawani nasubiri gari la kwenda Igamba, chai ya maziwa mbele yangu na chapati, wakati redio iliyokuwa juu ya kabati la vitumbua iliponiharibia siku. Kulikuwa na bwana mmoja anahojiwa. Sauti yake ilikuwa nzuri, sauti ya mtu aliyeshiba, na alikuwa akieleza kwa Kiswahili fasaha kabisa kwamba Kiswahili hakina maneno ya hisabati. Ni lugha ya soko, alisema, ni lugha ya salamu na mapenzi, lakini ukifika kwenye hesabu inakwama. Binti aliyekuwa akihudumia akatikisa kichwa kukubali huku akifuta meza. Nikaweka kikombe chini kwa nguvu, chai ikaruka kwenye sahani, watu wakageuka kuniangalia.

Mimi si mgomvi. Waulize ninaofanya nao kazi wodini, watakwambia. Wagonjwa wananitukana na ninawafunika shuka. Lakini siku ile, rafiki yangu, laiti yule bwana angekuwa kwenye kiti cha jirani na si ndani ya redio, tungefikishana kituo cha polisi.

Kwa sababu hayo maneno mimi nilikuwa nayo. Nilikuwa nayo yote, nikiwa mtoto wa darasa la tano, pekupeku kwenye umande wa Igamba. Asiniambie mtu kwamba hayakuwepo. Yalikuwepo, yakachukuliwa, na yalipokuwa yakichukuliwa nilikuwa nimesimama pale pale naangalia. Ngoja nikusimulie, maana ndani ya gari nilijaribu kulisahau nikashindwa.

Nililelewa na bibi, mama yake mama yangu, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma katikati ya kahawa na migomba. Tulikuwa wawili, mimi na dada. Namwita dada ila ni mtoto wa mama mkubwa. Mama mkubwa alifariki mapema, na baba mkubwa alikuwa Tunduma kwenye biashara yake ya mchele, anakuja kwetu kwa msimu kama mvua. Dada alinizidi umri, lakini aliugua sana utotoni akachelewa kuanza shule, kwa hiyo tulisoma darasa moja, tukakalia dawati moja, na usiku tukajifunika blanketi moja ambalo yeye alilivuta lote.

Kama hujaishi Mbozi mwezi wa Juni hujui baridi. Asubuhi ukungu ulikuwa umelala kwenye kahawa kiasi kwamba unasikia jirani anakohoa na humwoni. Bibi alikuwa wa kwanza kuamka. Ulisikia kuni zinavunjwa, kisha moshi, kisha harufu ya viazi vitamu vilivyochemshwa na maganda yake. Tulikula vikiwa vya moto huku tunavihamisha mkono huu na huu, tukashushia na chai ya rangi, tukakimbia shule. Mchana tulirudi kwenye kande. Jioni, ikiwa ni msimu, ilikuwa kazi ya kahawa: kuchuma zile nyekundu tu, kuzipeleka kwenye mashine ya kumenyea, dada anazungusha mkono wa chuma, mimi namwaga kahawa na maji. Ile mashine ililia kama mbuzi anayekabwa. Ute wa kahawa ulinata vidoleni na harufu yake chachu haikutoka hata kwa sabuni ya mche. Leo nikiisikia harufu ile popote, nasimama.

Shule yetu ya msingi ilikuwa na kengele ya rimu ya lori, madirisha yasiyo na vioo, na mwalimu wa hisabati. Nimemtaja kando kwa sababu yeye peke yake alikuwa shule nzima. Alikuwa mwanamke mfupi aliyetoka bondeni kwenye joto, upande wa Mkwajuni, na baridi yetu hakuizoea hata siku moja. Alivaa koti zito la kiume lililofika magotini, mikono ameikunja, chaki mfukoni. Vitabu havikuwepo. Kilikuwepo kimoja, kilichokuwa mikononi mwake. Bikari ya mbao ya kuchorea duara ubaoni ilikuwa imevunjika mguu siku nyingi. Ilipofika mada ya jometri alitutazama, akautazama ubao, akasema, "Tokeni nje."

Tulikwenda kiwanja cha mpira. Alipigilia kigingi katikati, akafunga kamba ya katani, akamkabidhi dada ncha ya pili. "Ivute ikaze, halafu tembea. Usilegeze." Dada alitembea akiburuta kisigino kwenye vumbi mpaka akarudi alipoanzia, na nyuma yake likabaki duara zuri kuliko yote niliyowahi kuona. Mwalimu akatuambia hicho kigingi ni kitovu. Hiyo kamba ni nusukipenyo. Akachukua fimbo akachora mstari kutoka ukingo mmoja, ukapita kwenye kigingi, ukatokea ukingo wa pili. "Huu unaitwa kipenyo. Kwa nini kipenyo?" Dada akasema, "Kwa sababu umepenya."

"Umepenya!" mwalimu akapiga kelele, akarusha mikono ya lile koti juu kama anayefukuza kunguru. "Umeingia huku ukatokea kule. Neno lenyewe limeshakufundisha, mimi nafanya nini hapa?"

Ndivyo ilivyokuwa. Kila neno lilikuja na maelezo yake tumboni. Mistari sambamba ilikuwa ile inayokwenda pamoja bila kukutana, kama mimi na dada tulivyokwenda shule siku tukiwa tumenuniana. Pembekali ilikuwa kali kweli, ukiigusa inakuchoma. Pembebutu ilikuwa butu kama jembe la bibi. Pembetatu pacha ilikuwa na pande mbili zilizozaliwa pamoja. Na siku aliposema upande wa chini wa pembetatu unaitwa kitako, darasa zima lililala juu ya madawati kwa kicheko, na yeye alituacha tucheke mpaka tukachoka, kisha akasema, "Haya. Na pembetatu nayo hukaa. Sasa nani atasahau?" Hakuna aliyesahau.

Sisemi shule ile ilikuwa peponi. Walimu wengine walituchapa tukisema Kinyiha uani, kana kwamba lugha ya bibi zetu ni matope tuliyoingia nayo darasani. Hilo nalo nalihesabu, na sijalisamehe. Lakini mwalimu wa hisabati hakumchapa mtu kwa ajili ya lugha. Alipoona hatujaelewa, alimwita mtoto mmoja mbele amweleze mwenzake kwa Kinyiha, yeye akageukia dirishani akisugua mikono yake yenye baridi, na alipogeuka tena sote tulikuwa tumeelewa.

Mara moja alitupa kazi ya nyumbani kwa kusema, "Nendeni mkanitafutie pembebutu." Watoto wengine walileta vijiti vilivyopinda. Dada alimkuta bibi analima, akasimama mbele yake na kumtazama mkono ulivyokunjika kwenye mpini.

"Bibi, usitikisike! Una pembebutu!"

Bibi akajinyoosha, akashika kiuno. "Pembe? Mimi?" Alisema Kiswahili chake kilichopanda na kushuka kama njia za kwetu. "Mjukuu wangu, mbuzi wako kule zizini. Mimi pembe nimezitoa wapi?"

Tulicheka mpaka kuku wakakimbia. Baadaye dada alimweleza vizuri, akamchorea ardhini kwa kijiti, na bibi aliinama akaangalia kwa makini sana. Alikuwa na msemo wake: jina ndilo mpini wa kitu; usipolijua, utakishika wapi? Tangu siku hiyo alituagiza, "Leteni lile sinia la duara," au "Kaanikeni kahawa kwenye ile meza ya mstatili," na alilitamka neno mstatili taratibu, kwa majivuno, kama mtu aliyevaa kiatu kipya.

Lakini kilichomteka dada roho kilikuja darasa la sita. Mwalimu alitwambia kila mmoja akate pembetatu kwenye jani la mgomba, ya umbo lolote apendalo, ndefu, nene, ya ovyo. Kisha tuchane pembe zake tatu tuzipange pamoja, ncha kwa ncha. Nilizipanga zangu. Zikatengeneza mstari ulionyooka. Nikamwangalia jirani wa nyuma, na zake zimenyooka. Darasa zima, pembetatu kila mtu na yake, na zote zimenyooka. Dada alichana jani la pili, la tatu, akajaribu umbo la ajabu kabisa lenye pembe nyembamba kama sindano. Likanyooka. Alinigeukia macho yamemjaa machozi, kweli kabisa, akaninong'oneza, "Haziwezi kukataa." Mwalimu akaandika ubaoni: jumla ya pembe za ndani za pembetatu ni nyuzi mia moja na themanini. Dada aliyaokota majani yake akaenda nayo nyumbani, akampangia bibi juu ya kigoda.

Tulifaulu wote wawili. Siku matokeo yalipokuja bibi alichinja jogoo ambaye alikuwa akimpenda kuliko watu wengi.

Sekondari tuliyopangiwa ilikuwa mpya, ya kutwa, imejengwa na wazazi wenyewe. Nasema wazazi wenyewe kwa maana yake halisi. Niliwaona kinamama wanapandisha mlima na mawe vichwani, bibi yangu akiwa kati yao, khanga imekunjwa kuwa ngata, shingo imekakamaa. Walitupiana maneno ya Kinyiha na Kiswahili, walicheka, waliimba. Kila jiwe la msingi wa madarasa yale lilibebwa na mtu asiyejua Kiingereza. Shika hilo, maana ndilo linalonifanya nisage meno.

Juu ya mlango wa ofisi kulikuwa na maandishi makubwa ya Kiingereza. Siku ya kwanza mkuu wa shule alitutafsiria, akisema hiyo ndiyo mara ya mwisho tunasikia Kiswahili kutoka kwake: hapa ni Kiingereza tu. Akatuonyesha kibao. Kilikuwa kipande cha ubao kilichopakwa rangi nyeusi, kimetobolewa na kufungwa kamba. Atakayesema Kiswahili au lugha ya nyumbani atavishwa shingoni. Atakaa nacho mpaka amsikie mwenzake anakosea, ndipo amvishe. Atakayekutwa nacho jioni mstarini atachapwa na kuosha vyoo.

Unaona ujanja wake? Hakuhitajika mwalimu wa kutuchunga. Tulichungana wenyewe. Mwenye kibao alikusogelea kwa upole wakati wa mapumziko, akakukanyaga kidole makusudi ili useme "Mama wee!" Ukishasema, umekwisha. Watoto tuliovuka nao mito tukishikana mikono wakageuka wapelelezi. Njia ya kwenda shule, iliyokuwa na kelele kama mti wa chiriku, ikawa kimya. Tulitembea midomo imefungwa, kama watu wanaotoka mazikoni.

Na hisabati? Mwalimu wetu mpya alikuwa kijana, hajamaliza hata kuzoea tai yake. Alichora pembetatu ubaoni, ile ile, haikubadilika hata kidogo, akaanza kuiita majina ambayo hatukuwahi kuyasikia. Trayango. Aisosilizi. Tuliitikia kwa pamoja, aisosilizi, kama waumini wanaoitikia sala ya dini ngeni. Hakuna aliyetwambia kwamba huyu ni pacha wetu wa darasa la tano, tunamjua. Mwalimu mwenyewe Kiingereza kilimtoa jasho. Alianza sentensi vizuri ikamwishia njiani, akaimalizia kwa kuchora. Siku aliyotaja haipotinyuzi, ule upande mrefu unaoikabili pembemraba, dada aliniuliza njiani, kwa sauti ya chini, akiangalia nyuma kwanza, "Kwa hiyo ni upande usiopoteza nyuzi?" Alikuwa hatanii. Alikuwa anatafuta maana ndani ya neno, kama alivyofundishwa, na ndani ya neno lile hamkuwa na kitu cha kushika.

Mimi nilikariri. Nilikuwa na kichwa cha kasuku, nikameza maneno mazima mazima kama dawa, na ndiyo maana nilifika nilikofika. Dada hakuweza kumeza kitu asichokitafuna. Yule mtoto aliyejibu kabla swali halijaisha akawa anakaa amekunja mikono. Walimu wakaandika kwenye ripoti yake kwamba ni mzito. Dada yangu, mzito!

Kidato cha pili tulipewa jaribio. Swali la mwisho lilitutaka tuthibitishe kwamba pembe za ndani za pembetatu zikijumlishwa zinatoa nyuzi mia moja na themanini. Dada alilisoma, akaelewa michoro, na nadhani kitu fulani kikafunguka kifuani. Akaandika kwa Kiswahili. Aliandika ukurasa mzima: alichora mstari unaopita kwenye ncha ya juu, sambamba na kitako, akaonyesha pembe hii ni sawa na ile, na ile ni sawa na hii, kwa hiyo zote tatu zimelala juu ya mstari mmoja. Mwandiko wake ulikuwa umenyooka kama mistari ya kahawa. Nililiona jaribio lile liliporudishwa. Mstari mwekundu ulikatiza ukurasa kutoka kona hadi kona, na chini yake sifuri.

Dada alisimama. "Mwalimu, nimekosea wapi?"

Mwalimu alimjibu kwa Kiingereza kwamba aulize kwa Kiingereza.

"Nimekosea wapi?" akarudia, kwa Kiswahili kile kile. "Nionyeshe mstari nilioukosea."

Yule kijana akaishika tai yake, akatazama mlangoni, kisha naye akasahau sheria. "Jibu ni sahihi," alisema. "Lugha ndiyo si sahihi."

"Kwa hiyo pembetatu ikisema Kiswahili haifikishi nyuzi mia moja na themanini?"

Wenzetu walicheka, na kicheko kile ndicho kilichomponza, maana sasa ilibidi mwalimu aonekane mwanaume. Alikichukua kibao kwa aliyekuwa nacho akamvisha dada mwenyewe, kwa nguvu, kamba ikamkwangua sikio. Dada hakulia. Alitoka darasani nacho shingoni, akavuka uwanja jua likiwaka, sote tumejazana madirishani, akaingia chooni. Kile kilikuwa choo cha shimo, kirefu. Alipotoka shingo ilikuwa tupu.

Bibi aliitwa shuleni. Alikuja amevaa gauni la kanisani na kuku amemkumbatia, kwa sababu kwetu huendi kwa mtu mikono mitupu hata kama mtu huyo amekuudhi. Nilikuwa naye, kwa kuwa mimi ndiye niliyetumwa kumpelekea wito. Mkuu wa shule alimkaribisha kiti, akamwamkia vizuri, "Shikamoo bibi," na bibi akaitikia.

"Bibi, mjukuu wako ana kiburi," mkuu alisema. "Tumekataza Kiswahili hapa. Tunawaandalia watoto maisha. Yeye anasema Kiswahili mbele ya mwalimu, tena anatupa mali ya shule."

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaangalia shingo ya mkuu, akainamisha kichwa kidogo upande kama anayetafuta kitu kilichodondoka.

"Mwanangu," akasema, "na wewe unayeniambia haya kwa Kiswahili, cha kwako kiko wapi?"

Mkuu hakucheka. Alisema dada atasimama mstarini asubuhi, mbele ya shule yote, aombe msamaha kwa Kiingereza, kisha atavaa kibao kipya wiki nzima. La sivyo asirudi. Ila kuku wa bibi alimchukua.

Tulipofika nyumbani bibi alimwambia dada masharti yale, halafu akaongeza, "Mimi nilibeba mawe nikijua unakwenda kusoma. Sikubeba mawe uvishwe kamba kama mbuzi. Lakini maisha ni yako, mama. Ukisema nakwenda, nitakusindikiza. Ukisema sitaki, sitakulazimisha."

Dada alikwenda. Asubuhi ile alisimama mbele yetu, sketi imepigwa pasi ya mkaa, viatu vimepakwa mafuta. Mkuu akamwamuru aseme. Maneno yenyewe yalikuwa mepesi, hata mtoto wa chekechea wa siku hizi anayajua, na dada aliyajua. Nilimwona midomo ikifunguka. Nilikuwa nikimwomba moyoni, sema, dada, sema tu yaishe. Alitutazama mstari kwa mstari, akamtazama yule mwalimu kijana, ambaye alikuwa ameinamia viatu vyake. Kisha akafunga mdomo, akageuka, akatembea. Hakukimbia. Alipita kwenye lango bila kugeuka nyuma, na mimi nilibaki mstarini nikiimba wimbo wa shule na wenzangu.

Baba mkubwa alikuja akamchukua kwenda naye Tunduma. "Hana kichwa cha shule," alimwambia bibi, na kwa mara ya pekee nilimsikia bibi akimfokea mkwe wake.

Kipindi kile kile nilikutana gulioni na mwalimu wetu wa hisabati, bado na lile koti. Aliniuliza habari za dada kabla hajaitikia salamu yangu sawasawa. Nilimweleza yote. Alikaa juu ya gunia la mahindi la mtu. "Niliwafundisha vibaya?" akaniuliza. "Labda ningewapa ya Kiingereza mapema." Nilimwambia hapana, mwalimu, hapana, lakini niliona haamini. Mwanamke yule aliyetupa dunia nzima kwa kamba na kigingi alirudi nyumbani kwake siku ile akijilaumu, na waliopaswa kujilaumu walikuwa wanakula kuku wa bibi.

Unataka kujua Kiingereza kilikuwa wapi? Kilikuwa Tunduma. Dada aliwekwa dukani auze mchele kwa wateja kutoka ng'ambo ya mpaka, Wazambia waliovuka na baiskeli na magari, na msimu haujaisha alikuwa anaongea Kibemba cha kukuchekesha na Kiingereza cha kukupunguzia bei, vyote bila kujikwaa. Hakuna aliyemchapa. Mtu alipokosea, mwenzake alicheka akamrekebisha, biashara ikaendelea. Kile ambacho shule ilishindwa kumtia kwa kumvisha ubao shingoni, mpaka ulimpa bure. Ila alipokipata, mlango wa shule ulikuwa umefungwa, na pembetatu zilikuwa zimebaki upande wa pili wa mlango.

Bibi ametangulia mbele ya haki. Mwalimu wa hisabati naye, nasikia alirudi bondeni kwao akafia huko. Kiwanja kile cha mpira kimemegwa, nusu yake ni nyumba za watu. Watoto wa Igamba bado wanafundishwa mstatili na kipenyo mpaka darasa la saba, halafu wanaambiwa wayaache getini kama viatu vyenye tope.

Dada sasa ana duka lake mwenyewe. Nilipotoka Igamba safari ile nilipitia kwake Tunduma, malori yamepangana barabarani mpaka macho yanachoka, honi, vumbi, vijana wa kubadilisha kwacha wanakimbilia vioo vya magari. Binti yake anasoma shule ya kulipia, ile ambayo hata salamu ni ya Kiingereza. Dada anafanya kazi kama punda ili amlipie. Nilimkuta mtoto sebuleni na daftari la hesabu, anachora kwenye duara. Alikuwa anaitamka aki, aki, kipande cha ukingo wa duara, anaikariri macho yamefumba. Nikamuuliza, "Maana yake nini?" Akasema, "Ni jina tu, mama mdogo."

Nikainua macho. Dada alikuwa amesimama mlangoni, amesikia.

"Mwambie mtoto inaitwaje kwa Kiswahili," nikamwambia.

"Sijui," akasema.

Alijua. Niliona usoni kwamba neno lilikuwa limeshafika ulimini. Mtoto naye aligeuka kumsubiri.

"Sijui," akarudia, safari hii akimtazama binti yake. "Soma kama mwalimu alivyokupa. Hayo mengine hayatakupeleka popote." Mteja akaita kutoka dukani, na dada akaenda, nikamsikia anabadilika sauti, "Mulishani, mulishani," anamsalimia mtu kwa Kibemba, anacheka naye.

Nilibaki na yule mtoto. Hasira ilikuwa imenijaa mpaka masikioni: kwa kibao, kwa mkuu wa shule, kwa yule bwana mwenye sauti ya kushiba, na kwa dada pia, Mungu anisamehe, ingawa najua ni nani aliyemfundisha kuogopa. Nikachukua penseli. Nikapitisha ncha juu ya kile kipande cha duara, taratibu, kilivyopinda.

"Tao," nikamwambia. "Kama lile tao wanalojenga harusini, watu wakapita chini yake."

Macho yake yakafunguka. "Kwa hiyo limepinda kwa sababu ni tao?"

"Ndiyo. Shii."

Nilisema shii, rafiki yangu. Nilikuwa kwenye nchi yangu, kwa dada yangu, nafundisha neno la Kiswahili kwa mtoto wa Kitanzania, na nilikuwa nikinong'ona huku nikiangalia mlangoni, kama mtu anayemfundisha mtoto tusi.